Muulize Mgeni Asichokula

Kamati ya harusi nchini Tanzania hukaa vikao kwa miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Hupanga ukumbi, mapambo, muziki, MC, mpiga picha, magari na sare. Huwa na mwenyekiti, katibu, mhazini na kamati ndogo ya chakula na vinywaji, na mara nyingi fungu la chakula na vinywaji ndilo zito kuliko mafungu yote ya bajeti. Hata hivyo, katika vikao vyote hivyo kuna swali moja ambalo kwa kawaida haliulizwi: watu watakaokaa kwenye viti vile wanakula nini, na nini hawali? Kamati hujua idadi ya kadi zilizotoka, za mtu mmoja na za wawili. Hujua nani amemaliza ahadi yake na nani amelipa nusu. Lakini haijui kama mjomba wa bwana harusi amezuiwa nyama nyekundu na daktari, wala kama meza nzima ya ndugu wa bibi harusi haigusi kambale. Hoja ya makala hii ni kwamba swali hilo liulizwe kwa maandishi kabla ya siku ya sherehe, na jibu lake limrudie mgeni, nalo kwa maandishi, kupitia kadi ya menyu. Kamati ikifanya hivyo itakuwa imemheshimu mgeni, imelinda afya yake na imeokoa fedha za waliochanga.

Jibu la haraka la wanakamati wengi ni kwamba bufee imeshamaliza tatizo: vyakula vimepangwa, kila mtu ajipakulie anachotaka. Jibu hili lina ukweli kidogo na hasara kubwa. Chukua mfano wa ukumbi wa watu 300 na vitoweo vitatu: kuku, nyama ya ng'ombe na samaki. Kama kila mgeni angekula kitoweo kimoja alichokichagua, vipande 300 kwa jumla vingetosha. Lakini mpishi hajui nani anataka nini. Akigawa sawasawa, vipande 100 kwa kila kitoweo, na watu 160 wakataka kuku, basi kuku ataisha wakati meza za nyuma bado zinasubiri kuitwa. Akitaka usalama kamili, itabidi apike vipande 300 vya kila kitoweo, yaani 900 kwa watu 300, na hakuna kamati itakayokubali bei hiyo. Kwa hiyo hukisia katikati, tuseme vipande 200 kwa kila kitoweo, jumla 600, mara mbili ya kinachohitajika. Hata hapo hana uhakika, kwa sababu mgeni anayeona vitoweo vitatu huchukua vyote vitatu. Mgeni huyo hana kosa, maana hakuna aliyemwambia kwamba hesabu ilipigwa kwa kimoja. Wa kwanza kwenye foleni hujaza sahani, wa mwisho hukuta wali na mchuzi. Kamati iliyowahi kuona aibu hiyo, safari nyingine huongeza aina za vyakula, ikitumaini kwamba katika wingi huo kila mtu atapata chake. Kumbe urefu wa bufee ni bei ya swali ambalo halikuulizwa.

Bufee inashindwa pia mahali ambapo watu huidhani ina nguvu, yaani kwenye mahitaji ya kiafya. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania Bara mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban asilimia 9 wana kisukari, na karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu. Wageni wa harusi moja hawawakilishi taifa zima, lakini kwa kadirio la viwango hivyo, ukumbi wa watu wazima 300 unaweza kuwa na watu wapatao 27 wenye kisukari na zaidi ya 70 wenye shinikizo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Sahani ya pilau iliyotiwa viungo vya pakiti, nyama iliyolazwa kwenye chumvi na mchuzi wa kopo inaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiwango hicho kwa mlo mmoja. Ongeza hapo wenye vidonda vya tumbo wanaoteswa na pilipili na ndimu, wenye gauti waliokatazwa maini na nyama nyekundu, na wagonjwa wa figo walioshauriwa kupunguza ndizi na vyakula vingine vyenye potasiamu nyingi. Hawa si wageni wachache wa pembeni. Mara nyingi ndio wazazi, mashangazi na wajomba wanaokaa mbele, ambao sherehe yenyewe imefanywa kwa heshima yao.

Kundi dogo zaidi, lakini lenye hatari kubwa zaidi, ni la watu wenye mzio wa chakula. Karanga, korosho, mayai, maziwa, samaki, kamba, soya, ufuta na ngano ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana sana kwa kuleta mzio. Kwa mwenye mzio mkali, kiasi kidogo tu kinaweza kuvimbisha koo na kubana njia ya hewa ndani ya dakika chache, na anayepatwa na hali hiyo anahitaji sindano ya adrenalini na hospitali bila kuchelewa. Kwa mtu huyo, bufee ya kujipakulia ni mahali pa hatari hata akichagua vizuri, kwa sababu mwiko wa kupakulia husafiri. Mgeni aliyemaliza kuchota kisamvu cha karanga huutumbukiza mwiko uleule kwenye maharage, na kuanzia hapo maharage nayo yana karanga. Mafuta yaliyokaangia samaki hukaangia viazi. Hakuna uangalifu wa mgeni unaoweza kuzuia jambo ambalo hakuliona likitokea. Kinga ya kweli ni sahani yake kuandaliwa jikoni, ikafunikwa, ikaletwa mezani kwa jina lake, na hilo haliwezekani kama jikoni hawana habari kwamba yupo.

Upande wa imani nao hauhitaji maelezo marefu kwa Mtanzania, kwa sababu sote tunaishi na majirani wa dini nyingine. Mwislamu hali nguruwe, hali nyama ambayo haikuchinjwa kwa utaratibu wa dini yake, na chakula kilichotiwa mvinyo hakimfai hata kama pombe inasemekana imeyeyuka motoni. Msabato hali nguruwe, kamba wala kambale, na wengi wao hawali nyama kabisa. Mhindu hali ng'ombe, na wengi hawali nyama wala samaki. Mkatoliki huacha nyama siku za Ijumaa za Kwaresma. Kando ya dini kuna miko ya koo, ambapo ukoo fulani haugusi mnyama fulani kwa sababu walizozipokea kwa mababu. Uzito wa mambo haya ulionekana mwaka 1993 Dar es Salaam, bucha za nguruwe zilipovunjwa, na tena mwaka 2013 Kanda ya Ziwa, ubishi wa nani achinje nyama ya kuuzwa ulipogeuka mgogoro wa kumwaga damu. Sherehe nyingi zimejiepusha na ubishi huo kwa kumwita Mwislamu achinje wanyama wote. Ni utaratibu mzuri, lakini umebaki ni wa mdomo. Mgeni aliyekaa meza ya kumi na mbili hajui kama ulifuatwa, na kwa kuwa kuuliza ni aibu, anaona afadhali ale wali mkavu.

Hapa ndipo kadi ya menyu inapopata kazi yake. Katika kumbi zetu kadi hiyo, inapokuwepo, hutengenezwa kama pambo: karatasi nzito, majina ya maharusi kwa wino wa dhahabu, na chini yake orodha ya vyakula vilivyotajwa kwa majina makubwa yasiyoeleza kitu. Asili yake ni tofauti. Katika karamu za wakubwa wa Ulaya kabla ya karne ya 19, vyakula vingi viliwekwa mezani kwa pamoja, na mlaji aliviona vyote mbele yake. Mtindo wa Kirusi ulipoenea Ulaya katika karne hiyo ya 19, vyakula vikawa vinatoka jikoni kimoja baada ya kingine, na mlaji hakuweza tena kujua kinachofuata ili ajipangie nafasi tumboni. Kadi iliyoandikwa ikawa lazima. Kazi yake ya msingi ilikuwa kumwambia mgeni kile ambacho macho yake hayawezi kuona.

Na bufee zetu zina mengi yasiyoonekana. Vyombo vya moto vina vifuniko, na hata vikifunuliwa, macho hayatoshi. Pilau isiyo na kipande cha nyama bado imepikwa kwa supu ya nyama, hivyo asiyekula nyama akiondoa vipande hajajisaidia chochote. Mchuzi wa biriani una mtindi. Kisamvu kina karanga, au tui, au vyote viwili, kutegemea mpishi ametoka wapi. Ndizi za nyama hutofautiana na ndizi za nazi, na zote mbili zinaweza kumaliziwa kwa siagi. Sosi ya soya inayopakwa kwenye kuku wa kuchoma kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Kuku wa kukaanga aliyevishwa unga huenda amechovywa kwanza kwenye yai. Kibao kidogo kilichoandikwa "Pilau" mbele ya chombo ni mwanzo mzuri, lakini kisichosema "imepikwa kwa supu ya ng'ombe" kimeacha nusu ya kazi. Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kulitungia kanuni. Tangu Desemba 2014, anayeuza au kuandaa chakula kibiashara katika nchi wanachama anatakiwa kumpa mlaji taarifa za makundi 14 ya vyakula vinavyoleta mzio, hata kwa chakula kisichofungwa kwenye pakiti. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria ili kuandika mstari mmoja chini ya jina la chakula.

Sasa tuje kwenye namna ya kuuliza, kwa kuwa swali likiulizwa vibaya halitaleta jibu la kutumika. Ukimuuliza mgeni wa kwetu anapenda kula nini, atajibu "chochote", na amejibu kwa adabu, kwa sababu mgeni mstaarabu hamchagulii mwenyeji chungu. Kwa hiyo swali la kwanza lisihusu anachopenda. Lihusu asichokula. Kwenye kadi ya mwaliko, au kwenye ujumbe wa simu unaoambatana na kadi ya kidijitali, maneno haya yanatosha: "Tungependa ule ukafurahi. Tafadhali tujulishe kabla ya tarehe fulani kama kuna chakula usichokula kwa sababu ya afya, dini au mwiko." Kutaja sababu tatu kwa mpigo kuna faida yake. Mgeni halazimiki kueleza ni ipi inayomhusu, na kamati haimpimi kama sababu yake ni nzito au nyepesi. Kama chakula kitaletwa mezani badala ya kujipakulia, hapo ndipo swali la pili linaongezwa: "Chagua kitoweo kimoja: kuku, samaki, au mboga na maharage." Machaguo yasizidi matatu, na moja lisiwe na nyama wala samaki. Kadi ya watu wawili iwe na nafasi mbili za kujibu, kwa sababu mume na mke si lazima wale chakula kimoja, na kama kuna mtoto, umri wake utajwe ili apangiwe sahani yake isiyo na pilipili wala mifupa.

Jibu likishapatikana, safari yake kutoka kwenye simu ya mwanakamati hadi kwenye sahani ndiyo inayoharibika mara nyingi, kwa hiyo iwekewe mtu. Katika kamati ndogo ya chakula ateuliwe mmoja anayetunza orodha moja tu, yenye safu nne: jina la mgeni, namba ya meza, kitoweo, na asichokula. Wiki moja kabla ya sherehe mpishi apewe jumla: kuku wangapi, samaki wangapi, mboga ngapi, na mahitaji maalumu yakiwa yameorodheshwa moja moja. Siku ya sherehe orodha hiyo igeuzwe kuwa karatasi za meza, kila meza karatasi yake, apewe mhudumu anayehusika. Meza ya saba, kwa mfano, itasomeka hivi: kuku sita, samaki watatu, mboga mmoja; kiti cha nne bila karanga, kiti cha tisa chumvi kidogo. Kwenye kiti, kadi yenye jina la mgeni iwe na alama ndogo, duara la rangi au herufi moja, ambayo mhudumu anaielewa na jirani wa mgeni haielewi. Kwa sherehe za bufee, utaratibu ni mfupi zaidi: sahani za wenye mahitaji maalumu zipakuliwe jikoni kabla bufee haijafunguliwa, wapelekewe mezani, na wengine waendelee na foleni kama kawaida.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kuiga, kwamba kwetu mgeni hupewa kilichopo akashukuru. Pingamizi hili lina msingi wa heshima na linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba shughuli za mitaani na vijijini zilikwenda vizuri bila kadi yoyote. Lakini tuangalie kwa nini. Waliosimamia masufuria walikuwa shangazi, wifi na majirani, na walimjua kila aliyekaribia. Walijua babu fulani hali samaki, mama fulani ana sukari, mtoto wa fulani hutapika akila mayai, na wakamtengea kila mmoja sahani yake bila kuulizwa. Pwani, pilau au biriani iliwekwa kwenye sinia, watu wakalizunguka, na kilichomo kilikuwa wazi mbele ya macho yao. Taarifa zilikuwepo, ila zilikaa kwenye vichwa vya watu waliojuana. Leo harusi ya Dar es Salaam, Arusha au Mwanza hukusanya watu wa ofisini, wa kanisani au msikitini, waliosoma pamoja, waliotoka kijijini na waliotoka ng'ambo, na chakula hupikwa na kampuni ambayo haimjui hata mmoja wao. Ujuzi ule wa shangazi umeondoka jikoni, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Kuandika ni njia ya kuurudisha. Anayetetea mila ya ukarimu ana sababu kubwa zaidi ya kutaka swali hili liulizwe.

Wengine watasema wageni hawajibu. Kadi hutumwa, ujumbe husomwa, na kimya kinafuata. Ni kweli, na kwa sababu hiyo kazi hii isiachiwe kadi peke yake. Kamati za harusi tayari zina mtandao wa kufuatilia watu ambao makampuni mengi yangeutamani: kila mwanakamati ana orodha yake ya wachangiaji, huwapigia simu, huwakumbusha, huandika nani ameahidi na nani ametoa. Mtu anayepigiwa simu kuhusu mchango anaweza kuulizwa, kwenye simu hiyohiyo, kama kuna chakula asichokula. Kwa mgeni, simu ya namna hiyo huondoa hisia kwamba anatafutwa kwa ajili ya fedha tu. Watakaobaki bila kujibu wahesabiwe kuwa wanakula kila kitu, na utaratibu huo utajwe wazi kwenye kadi ili asije mtu akalaumu. Hata kama nusu tu ya wageni watajibu, waliojibu kwa sehemu kubwa watakuwa wale hasa wenye jambo la kusema, kwa sababu mwenye mzio au mwenye mwiko ana sababu ya kutuma ujumbe kuliko asiyekuwa nao.

Pingamizi la tatu ni la kadi kubadilisha mikono. Aliyealikwa anasafiri, kadi anampa mdogo wake, na kiti cha samaki kinakaliwa na asiyekula samaki. Dawa yake ni akiba, na akiba hiyo ichaguliwe kwa akili. Wapishi wengi huweka ziada ya kuku au nyama, wakidhani ndicho kila mtu anachotaka. Ziada inayofaa zaidi ni ile inayoweza kuliwa karibu na kila mtu: wali mweupe, maharage yasiyo na siagi, mboga ya majani iliyopikwa kwa mafuta ya kula na vitunguu bila karanga wala maziwa, na matunda. Sahani hiyo anaweza kuila Mwislamu, Msabato, Mhindu, asiyekula nyama na mwenye mzio wa karanga au wa samaki, na mwenye kisukari anaweza kuila pia wali ukipunguzwa na mboga zikaongezwa. Sahani 15 hadi 30 za aina hiyo kwa ukumbi wa watu 300 zitafunika mabadiliko mengi ya mlangoni, na gharama yake ni ndogo kuliko ya nyama.

Kuhusu gharama kwa ujumla, hesabu ya mwanzo imeshajibu sehemu kubwa. Kadi ya menyu haihitaji karatasi nzito wala dhahabu. Karatasi moja ya A4 hutoa kadi nne, na kwa meza ya watu kumi kadi mbili zinatosha. Kinachookolewa ni kikubwa zaidi, kwa sababu mpishi anayejua kwamba anahitaji kuku 160, samaki 80 na sahani za mboga 60 hana sababu ya kuandaa vipande 600. Orodha fupi ina faida nyingine isiyotajwa sana, nayo ni usalama wa chakula. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kipikwe hadi ndani yake kufikia nyuzijoto 70 za Selsiasi, kilichopikwa kikae juu ya nyuzijoto 60 hadi kinapoliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 vijidudu huongezeka kwa kasi, na wali una hatari yake ya pekee kwa sababu baadhi ya vijidudu huacha mbegu zinazostahimili kuchemka, zikaamka wali unapopoa polepole. Mpishi mwenye aina kumi na tano za vyakula huanza kupika mapema mno, na za kwanza hukaa kwenye joto la hatari zikisubiri za mwisho. Mwenye aina sita anaweza kupika karibu na saa ya kula na kuzilinda zote.

Saa yenyewe ya kula ni sehemu ya taarifa ambayo mgeni anastahili kupewa. Sherehe iliyotangazwa kuanza saa kumi na mbili jioni inaweza kufika saa nne usiku chakula hakijaguswa, kwa sababu ya utambulisho, keki, shampeni na zawadi. Kwa mtu mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, kucheleweshwa huko si usumbufu wa kawaida. Aliyeshatumia dawa akitarajia kula saa mbili anaweza kushuka sukari hadi akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa, hata akazimia, na watu wakadhani amelewa. Kwa hiyo kwenye kadi ya menyu paandikwe saa ya chakula, na MC aiheshimu. Kama ratiba imeteleza, wahudumu wenye karatasi za meza watajua ni viti gani vipelekewe kitu cha kula bila kungoja. Hapa pia inaonekana faida ya kuuliza mapema: taarifa moja iliyokusanywa kwa ajili ya kitoweo inageuka kuwa kinga wakati ratiba inapoharibika.

Yapo mashaka mengine ya haki, nayo yanahusu siri. Mtu akishawaambia wanakamati kwamba ana kisukari au ugonjwa wa figo, habari hiyo isizagae kwenye kundi la WhatsApp la watu themanini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na hata kama hakuna atakayeishitaki kamati ya harusi, adabu inadai jambo lilelile. Ndiyo sababu swali liwe juu ya chakula na si juu ya ugonjwa. Kamati haihitaji kujua kwa nini mgeni hali chumvi. Inahitaji kujua tu kwamba hali. Orodha ikae kwa mtu mmoja, mpishi apewe namba za viti badala ya majina pale inapowezekana, MC asimtaje mtu kwenye kipaza sauti kuja kuchukua "chakula cha wagonjwa", na sherehe ikiisha orodha ifutwe.

Haya yote yanaweza kuonekana mengi kwa kamati ambayo bado inapigana na michango. Yakipangwa kwa utaratibu ni kazi ya mtu mmoja makini na simu yake, na yanaanza na sentensi moja kwenye kadi. Kwa wanaokaa vikao hivi sasa, ombi langu ni moja: kwenye kikao kijacho, kabla hamjajadili rangi ya vitambaa vya meza, mteueni mtu wa kutunza orodha ya vyakula, mkubaliane maneno ya swali, na mwambieni mpishi kwamba bei mtakayokubaliana itafuata orodha hiyo. Na kwa mgeni unayesoma haya, ukiulizwa, jibu kweli na ujibu mapema. Kunyamaza kwa adabu hakumsaidii mwenyeji wako kukulisha vizuri.